Kiti cha Msomaji wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa kitako, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Baba, fundi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, alikuwa akinitania kwamba nimemeza garimoshi. Sasa profesa wa fizikia, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa maabara yetu pale chuo kikuu, ananiweka mbele ya hadubini na kuniamuru nitafute nyota.

Vijana wa leo hawaijui kazi hiyo, acha niwaeleze. Tulikuwa na vioo vilivyopakwa utando mnene wa dawa ya picha, vikapandishwa juu sana angani kwa puto. Huko chembe ndogo kuliko atomu zilipita ndani ya utando na kuacha mistari ya vitone vyeusi. Chembe ikigonga kiini cha atomu, vipande hutawanyika pande zote, na alama inayobaki ndiyo tuliyoiita nyota. Msomaji alipitia kioo kizima, kidogo kidogo, na kuandika kila nyota ilipo. Macho yanawasha, shingo inakakamaa, na ukipiga chafya umepapoteza mahali ulipofika.

Kila kioo kilisomwa na watu wawili. Msomaji wa pili alikuwa Albertine, binti wa wazazi kutoka jimbo la Kasai, aliyezaliwa papa hapa mjini kwetu, mtaa wa Kenya. Tulisoma shule moja ya masista, yeye nyuma yangu kidogo, kwa hiyo aliniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Tulikatazwa kabisa kuambiana tulichokiona kwenye kioo. Profesa wa hisabati, mtu mfupi mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alitupa mfano wa wanawake wawili wanaokagua mawe katika mchele uleule, kila mmoja peke yake. Kama karibu mawe yote aliyoyaona mmoja yameonwa na mwenzake pia, basi yaliyowapita wote wawili ni machache. Kama kila mmoja ameona ya kwake, ujue mengi bado yamo. Kwa njia hiyo alikadiria hata nyota ambazo hakuna mtu aliyeziona.

"Mukiongea," alituonya, "hesabu yangu inakufa."

Basi jioni tulirudi mtaani Kenya kwa miguu tukizungumza wanaume, vitambaa, na maneno ya watu, ila kioo hatukukigusa. Mimi ulimi uliniwasha kila siku.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na nchi. Mji wetu, uliokuwa bado unaitwa Elisabethville, ukapata bendera mpya na mihuri mipya, na watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Wakati huohuo mwalimu mmoja wa sheria akaanza kuja maabara. Alikuwa akitafiti jambo hili: nchi ikigawanyika, kanuni za mionzi zinabaki za nani? Sisi tulitunza kipande kidogo cha madini yenye mionzi kwa ajili ya kupimia ile mistari, kwa hiyo kanuni zilitubana. Tulivaa beji za kupimia mionzi kifuani na daktari alitupima. Profesa wa fizikia alimwona mwalimu huyo wa sheria mtu wa kupoteza wakati, na mimi nilimcheka kichinichini.

Watu wa asili ya Kasai wakaanza kuandamwa kama wageni. Nyumba ya jirani wa akina Albertine ilipochomwa moto, Albertine na mama yake na watoto wake walikimbilia kambi ya pembeni mwa mji, iliyolindwa na askari wa kimataifa wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu. Kwenye maabara kiti chake kikabaki wazi. Nilikasirika hadi nikashindwa kula, maana miongoni mwa waliomfukuza walikuwamo watu waliozungumza lugha ya nyumbani kwetu.

Vioo vilikuwa vya kuazima, na maabara ya Ulaya ilivitaka virudi. Kimoja kilikuwa hakijasomwa mara ya pili. Mkuu akaniita, akasema Albertine amefutwa kazi kwa kutofika.

"Odette, ikala pa kiti yake. Weye moya utasoma mara mbili."

"Bwana Profesa, macho itakuwa ileile."

Profesa wa hisabati aliniunga mkono. Ndipo mwalimu wa sheria, aliyekuwa kwenye kona, akauliza kama daktari alimpima Albertine baada ya kuondoka. Hakumpima. Akatusomea kanuni: mfanyakazi wa mionzi hafutwi kazi kabla ya kupimwa mara ya mwisho. Na kwa kuwa serikali zote mbili, ya nchi nzima na iliyojitenga, zilirithi maandishi yaleyale ya ukoloni, Albertine alikuwa bado mfanyakazi kwa sheria yoyote ile. Siku hiyo nilimpenda yule bwana.

Alihangaika akapata kibali cha kumpitisha Albertine kwenye vizuizi vya barabarani, tukaenda kumchukua. Nilimkuta kati ya moshi na vibanda vya magunia, akisonga bukari, ndiyo ugali wetu. Alikitazama kibali.

"Na mama? Na batoto?"

Kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Akakirudisha, akaendelea kusonga. Nilisikia uchungu, nikasema basi angalau nimweleze nilichokiona kwenye kioo kile, kwani hatakiona tena. Akainua mkono wenye unga.

"Yaya, usinambie. Bado siyakisoma."

Njiani kurudi sikumpa mwalimu wa sheria raha. Nilimuuliza, kanuni inasema Albertine asome wapi? Akafikiri, akasema haisemi popote. Mkuu alipinga vikali: kioo kikivunjika aibu ni yake, na kazi ya kambini si kazi ya maabara. Profesa wa hisabati akasema kioo kikivunjika lawama aibebe yeye. Basi nikapanda gari kurudi kambini, hadubini na kioo mapajani, vimefungwa blanketi, na kila shimo la barabara nikalilaani.

Tulimwekea meza katika hema la daktari. Umeme haukuwapo, tukatega mwanga wa jua kwa kile kioo kidogo cha kurudisha mwanga kilicho chini ya hadubini, na wingu likipita alifumba macho kuyapumzisha. Alisoma siku baada ya siku, nje watu wakigombania maji. Alipomaliza akaniambia, "Leo unaweza kunambia," nasi tukaongea kama watu waliofunguliwa kinywa. Tulicheka mno. Nilipokuwa napanda gari akanishika mkono.

"Yaya, hii kazi yangu itahesabiwa?"

Nilimjibu sijui, lakini nitapigana.

Nilipigana. Profesa wa hisabati alilinganisha usomaji wetu: karibu kila nyota tuliiona wote wawili, na ukingoni mwa kioo alikuwa ameona moja iliyonipita mimi. Mkuu alikaa mwenyewe kwenye hadubini, akaitazama nyota hiyo kwa muda mrefu, kisha akasema usomaji uingie kwenye hesabu na majina yetu yote mawili yaandikwe. Sikungoja gari. Nilifika kambini nahema, nikakuta sufuria ya mtu mwingine kwenye mafiga yake. Mwanamke yule akaniambia familia hiyo ilipakiwa kwenye ndege ya kwenda Kasai jana yake.

Nilisoma vioo chini ya wakuu wengi baada ya hapo, hadi mashine zikachukua kazi yetu nami nikastaafu. Wanafunzi hunijia nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, kuniuliza juu ya chembe, nawaeleza ninachokumbuka. Nami nimemuulizia Albertine kwa mapadri wa Kasai, kwa wafanyabiashara, kwa abiria wanaoshuka kituoni na mizigo yao. Watoto wangu wananiambia nitulie, nimezeeka. Nitatuliaje? Mtu aliniuliza swali, nami ninalo jibu.

Albertine, ilihesabiwa.