Mwezi wa Kuanza Nguruwe

Ukitaka kuwagombanisha Wakristo wa Korogwe, achana na siasa. Waulize tu nguruwe wanaanzwa mwezi gani. Mimi niliuliza, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa uhakika wa mtu aliyeongea na Mungu asubuhi ile ile. Muuza kitimoto wa karibu na stendi alisema Januari, watu wakiwa hoi baada ya sikukuu, maana vitoto vya nguruwe vinauzwa kwa bei ya kutupa. Katekista wetu alisema Agosti, mahindi yakishavunwa na pumba zikiwa za kumwaga. Jamaa niliyekuwa nakata naye mkonge alisema mwezi wowote ule, nguruwe hana kalenda. Huyo wa mwisho hajawahi kufuga hata kuku.

Mimi nilitaka jibu moja tu, na nilitaka liwe sahihi, kwa sababu mke wangu alikuwa anaondoka.

Tunakaa Mazinde, pembeni ya mashamba ya mkonge. Baba yangu aliletwa huku na mkonge akitokea bara, akafia hapa hapa, na kazi yake ndiyo iliyonilea. Siku hizi kazi yenyewe ni ya kudokoa. Wiki hii ipo, wiki ijayo unaambiwa subiri utaitwa, unasubiri mpaka unajisahau. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulilala chini masika ya mwaka ule, nikauziba na turubai, na binti yetu mdogo akawa analala akikohoa upande ule ule unaopigwa na upepo. Ndipo binamu ya mke wangu akapiga simu kutoka Dar. Kuna nyumba ya watu wazuri wanatafuta dada wa kazi, na nafasi wangeishikilia hata hadi mwaka mpya. Mke wangu akasema atakwenda.

Nilifoka. Yeye hafoki, na hiyo ndiyo tabu ya kuishi naye. Alimaliza kuchambua mchicha, akaninyooshea uso, akasema, "Haya, nipe njia nyingine."

"Nguruwe," nikasema. Lilinitoka tu. Kwao ni Dindira, juu mlimani, na kila nikienda ukweni namkuta mama mkwe ana nguruwe nyuma ya nyumba, mnene, anakoroma kwa raha zake. Mke wangu alisogeza sinia ya mchicha pembeni. Halafu akaweka masharti yake, sauti ya chini, kama anayepanga siku ya kufua. Tutafuga. Wakiuzwa Krismasi na ukuta ukasimama, anabaki. Wasipouzwa, Januari anakwenda, na mimi nisimshike mkono wala nisimtumie wazee.

"Nakubali," nikasema. Ningekubali hata nikiambiwa nifuge chatu.

Basi tukampigia mama mkwe, simu tukaiweka sauti ya wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko kwenye joto?"

Nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo. Kwao, alisema, nguruwe anaingia bandani maharage yakitoa maua. Ndivyo walivyofanya wazee wao. Maharage yakitoa maua unaleta kitoto. Kikishaachana na uji, maharage yameshakomaa na maganda yapo. Maganda yakiisha kuna majani ya viazi, kuna migomba, kuna mahindi mabovu. Nguruwe anatoka kwenye chakula hiki anaingia hiki, hapumziki, na Krismasi inamkuta hawezi hata kugeuka.

"Lakini mama, huku hatuna maharage. Jua linayaua. Huku ni kunde na choroko."

"Usijali baba. Yakitoa maua huku kwangu, nitakupigia."

Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaona hilo ni jibu. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka Krismasi, nikaona miezi inakaa vizuri kabisa. Nikamwambia mke wangu, unaona? Akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia anacheka kicheko kile cha tumboni, na ninakikumbuka kuliko picha yake.

Simu ilikuja mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inanyesha. "Yametoa," mama mkwe alisema, akakata. Nikapanda Dindira na bodaboda, matope hadi kwenye magoti. Nikarudi na vitoto vinne ndani ya magunia yaliyotobolewa matundu, vinalia njia nzima hadi dereva akaniapia hatanibeba tena hata nikiwa mgonjwa. Kimoja kilifika kinaharisha na hakikuona Jumapili. Watatu wakabaki.

Jirani yangu ni mzee wa Kizigua, mtu wa swala tano, na nilikuwa nimemwogopa kuliko nilivyoogopa magonjwa. Nilikuwa nimekwenda kumwona kabla sijachimbia nguzo ya banda. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Akasema banda nilijenge ule upande ambao upepo unatoka nyumbani kwangu kwenda porini, siyo kwake, na nikazie milango, kunde zake zisiguswe. "Sina ugomvi na wageni wako," alisema. "Ila wasije kunisalimia." Tangu siku ile hakuwahi kuwataja kwa jina. Ni wageni tu. Wageni wameamkaje? Wageni wako leo wamepiga kelele sana, wana nini?

Walikuwa na njaa, mzee. Hilo ndilo walilokuwa nalo.

Mvua ilikata mwezi wa sita kama mtu aliyefunga bomba. Kule Dindira kulikuwa na ukungu na majani, nilijua, kwa sababu mama mkwe alikuwa akinipigia kuniuliza kama nimeshaanza kuwapa maganda ya maharage. Maganda gani, mama? Huku mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa kiuno. Nikasema nitangoje mavuno ya Handeni, wenyewe siku zote wana mahindi. Nikaenda hadi kule kutafuta pumba, nikakuta mwenye mashine amekaa juu ya mfuko mtupu anachokonoa meno. Aliniambia hata wao mwaka huu wanakoboa kidogo kidogo, na pumba watu wanakula wenyewe. Nilirudi nikiwa nimebeba nusu gunia, nimebembeleza kama mwombaji.

Kilichokuwepo kwa wingi ni pumba za mpunga, za mashine za Mombo. Hizo unabeba mpaka unachoka. Nikawapa. Walikula, wakashiba, wakalala, na mimi nikalala. Matumbo yakatuna. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa banda jioni nawatazama yale matumbo na kumwambia mke wangu, ona wanavyojaa. Yeye alikuwa anatazama migongo.

"Hawa wamejaa makapi," alisema. "Mgongo umetoka kama msumeno."

"Unanikatisha tamaa bure."

"Sikukatishi. Mimi nimezaliwa na nguruwe nyumbani."

Na hakukaa tu akalaumu, jamani. Huyo mwanamke alihangaika. Alikuwa anakwenda kuomba maganda ya ndizi na makoko ya ugali kwa mama lishe wa barabarani, anabeba ndoo ya makoko kichwani kurudi nayo juani, anachemsha, anapoza, anawaita kwa mlio wake wa kwao, "kuchu kuchu kuchu," na wale wajinga wanakuja mbio kama wameitwa harusini. Binti yetu akajifunza mlio huo kabla hajajua kuhesabu. Mke wangu alikuwa anapigania kubaki. Nililiona hilo. Nilikuwa nakata mkonge siku zinapopatikana, narudi mikono imechanika, namkuta ameinama juu ya pipa la chakula chao.

Bwana mifugo alipita mwezi wa kumi. Aliwaangalia, akaniuliza niliwaanza lini, nikamwambia habari ya maua ya maharage. Hakunicheka. Alivua kofia akajikuna. Akasema mkwe wangu yuko sahihi kabisa, kwa Dindira. Huku chini mtu anatakiwa kuweka chakula kwanza, pumba ziwepo stoo, ndipo alete nguruwe, hata kama Krismasi itampita. "Wewe umehesabu kuanzia sikukuu," alisema. "Nguruwe anahesabiwa kuanzia kwenye chakula."

Asante sana. Ungepita mwezi wa nne.

Muuza kitimoto alikuja Desemba, tulimwita wenyewe. Mke wangu alikuwa amefagia banda na kuwaosha, wanang'aa. Yule bwana akaingia, akamshika wa kwanza mgongoni kwa kiganja, akambonyeza, akahamia wa pili, wa tatu. Hakuchukua muda. Akatoka anajifuta mikono kwenye suruali.

"Hawa bado, ndugu yangu. Ni ngozi na sauti. Mwaka huu kila mtu anauza Krismasi, nina wanene wa kuchagua. Wanoneshe, niletee Pasaka."

"Kaka, wachukue hivyo hivyo," nikasema. "Kwa bei yoyote."

Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Akasema hawezi kumuuzia mteja mifupa siku ya Krismasi. Akapanda pikipiki yake. Nilipogeuka mke wangu hakuwepo. Nilimkuta ndani anakunja nguo za mtoto, zinazombana kushoto, zinazomtosha kulia. Alikuwa anapanga ili mimi nisihangaike kutafuta.

Krismasi tulikula wali na maharage aliyotuma mama mkwe. Binti alivaa gauni jipya la njano na viatu vyenye maua, vyote alishonewa na kununuliwa na mama yake kimya kimya. Sikuuliza alivipataje. Tulikwenda kanisani, tukaimba, na mimi niliimba kwa hasira.

Januari tulimsindikiza hadi barabara kuu. Sikumshika mkono wala sikutuma wazee, tulishakubaliana. Binti ndiye aliyemshika. Alimkumbatia miguu, akauliza atarudi lini. Na mke wangu, ambaye kwao mambo yote huhesabiwa hivyo, kupanda, kuoa, kuleta nguruwe, akainama akamwambia, "Nitarudi maharage yakitoa maua." Basi likaja, akapanda, akakaa upande usio wetu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitake kujipiga mawe. Vuli ile mvua zilikuwa zimenyesha, zikanyesha vizuri, na mwezi wa pili mahindi yakaingia. Pumba zikawa hadi njiani. Wale nguruwe wakala pumba za kweli na wakanona, nakuapia, wakanona mbele ya macho yangu, migongo ikafunga, wakawa wanakoroma kwa raha zao kama yule wa Dindira. Nilikuwa nasimama pale mlangoni nalia. Sioni aibu kusema, nalia. Mzee jirani akaniona siku moja ng'ambo ya kunde zake. Akageuka akaendelea kupalilia, baadaye akanitumia bakuli la uji.

Kabla ya Pasaka ikatangazwa karantini. Homa ya nguruwe imeingia wilayani, hakuna kuuza, hakuna kuchinja, hakuna kusafirisha. Wangu hawakuugua. Walikaa bandani wanene, wazima, wanakula, hawana kazi. Nikampigia mke wangu kumweleza, nikidhani atasikitika. Alikuwa na lake la kunieleza. Wale watu wazuri wana ndugu yao Uarabuni, anatafuta msichana, na mshahara wa huko haufanani. Mkataba ni wa miaka miwili. Pasi ya kusafiria ilikuwa tayari.

"Ukuta utausimamisha," alisema. "Nitakutumia."

"Na mtoto? Ulimwambia maharage."

"Huko Mazinde hakuna maharage," akasema. "Hatajua." Aliondoka nchini baada ya wiki chache, na siku hizi simu yake huja Ijumaa, anapopumzika.

Na mimi nilijipa moyo hivyo hivyo, kwamba hatajua. Mazinde nzima hakuna mtu anayepanda maharage. Binti alikuwa ananiuliza, baba, maharage yanafananaje, namwambia utayaona siku ukienda kwa bibi. Nikaahirisha kumpeleka kwa bibi.

Ilikuwa mwezi wa tano tena, mvua zinaelekea kukatika. Nilikuwa nawapa nguruwe chakula asubuhi nikamsikia anakuja mbio kutoka upande wa shamba la mzee, anaita baba, baba. Nikadhani ameumwa na nyoka. Alikuwa amevaa lile gauni la njano la Krismasi, limembana kwapani, vifungo vya nyuma havijafungwa, viatu ameshika mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefumbwa. Akaufumbua. Palikuwa na ua la kunde, limesagika kidogo.

"Yametoa," alisema. "Twende barabarani, mama atatukosa."

Niliweka ndoo chini. Nikamfunga vifungo, nikamvisha viatu, tukaenda.