Una Uhakika Utakuwa Nyumbani Kesho?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakuwahi kuona kazi yangu. Mimi huandika vile vidirisha vinavyoruka ghafla kwenye simu unapotaka kufanya jambo lako kwa amani: unataka kuendelea? unataka kufuta? una uhakika? Ndiyo kazi inayonilisha, ghorofani juu ya duka la mabati hapa Ruiru. Kwa miaka kadhaa niliifanya kwa majivuno, na nayakiri majivuno hayo bila taabu kwa sababu mwishowe nilishinda, na mtu akishinda hukiri kwa urahisi.

Tulikuwa tumeunda programu ya wafugaji. Ng'ombe akionyesha jioni kwamba anataka kupandwa, mwenyewe anabonyeza simu, na kesho yake asubuhi daktari wa mifugo anafika na sindano yake ya mbegu. Ukikosa asubuhi hiyo, joto lake la kupandwa linaisha na unangoja wiki tatu nyingine huku ng'ombe anakula bure. Sasa, daktari wetu alikuwa amelalamika kwamba mara nyingine anatoka Thika mpaka mashambani na kukuta lango lina kufuli. Kwa hiyo nikaandika kidirisha cha mwisho, kifupi na safi: "Una uhakika utakuwa nyumbani kesho?" Chini yake vitufe viwili, "Nina uhakika" na "Sina uhakika." Aliyebonyeza cha pili, ombi lake lilifutika, naye akaandikiwa kwa heshima, "Asante kwa jibu lako." Nilikipenda kidirisha hicho. Nilikionyesha hata kwa watu wasiofuga kuku.

Kule Mugutha kilikwenda vizuri. Kule Ngoliba kikagoma. Watu wa huko walijaza kila kitu, jina, kijiji, aina ya ng'ombe, kisha wakifika hapo mwisho wanabonyeza "Sina uhakika." Mmoja baada ya mwingine. Jumatatu mkubwa wetu, mwanamume wa mtaa wa Kahawa Sukari anayelipenda sana neno "serious," alituambia kwamba Ijumaa jioni Ngoliba itatolewa kwenye programu.

"Hao watu hawako serious," akasema. "Leo wanataka daktari, kesho hawajui kama watakuwa home."

Mimi nimezaliwa Ngoliba. Nilimwambia hapo hapo, mbele ya kila mtu, kwamba anayefuga ng'ombe kwenye ardhi kavu kama ile hawezi kufundishwa userious na mtu anayenunua maziwa ya paketi. Wenzangu waliinamisha vichwa. Yeye akaniuliza, kwa utulivu, basi nimweleze sababu. Nilirudi mezani kwangu nikafanya wanachofanya watu wa kazi hii wakishindwa: nikabadilisha rangi. "Nina uhakika" ikawa ya kijani, kisha ikawa kubwa. Jumanne, Ngoliba wakaruka kitufe kikubwa cha kijani wakabonyeza kile kidogo.

Jumatano nikaomba ruhusa nikaenda kwa tata. Huyo ni dada ya mama yangu, na ndiye aliyenilea. Kuhusu kazi yangu anajua tu kwamba ni ya kompyuta. Nilimkuta amesimama langoni, lango limefunguliwa wazi, beseni la maji juu ya kigoda, sabuni mpya kando yake na taulo safi begani. Ng'ombe wake alikuwa akilia nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yameshapoa.

"Nangoja daktari," akasema. "Nilimwita jana na simu. Hata wakaniandikia asante."

Nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Aliinyoosha simu mbali na macho, akabonyeza hapa na pale mpaka kidirisha changu kikaruka. Akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaguna.

"Huyu ni nani anaulizanga hivi?"

Akabonyeza "Sina uhakika" bila kusita.

"Tata! Kwani kesho unaenda wapi?"

"Mimi? Siendi mahali."

"Sasa mbona unasema hauna uhakika?"

Alinitazama kama mgeni aliyepotea njia. "Mami, kesho ni yangu? Niseme niko na uhakika, alafu nilale nisiamke? Hiyo ni kujigamba mbele ya Ngai, Mungu mwenyewe. Hata kwa kikundi cha wamama kanisani tuliulizana. Wote walifinya hiyo ya ukweli."

Wote. Nilitaka kucheka na machozi yakanilenga. Akina mama wa Ngoliba waliulizwa swali, wakajibu ukweli, nami nikawafutia daktari wao kisha nikawaambia asante. Nilimpigia daktari simu pale pale, lakini alikuwa mbali na asingefika kabla joto halijaisha. Tata hakulalamika. Alimwagia mpapai yale maji, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Tata," nikamwuliza, "ungetaka uulizwe vipi?"

"Aniulize kama nitamngoja," akasema, akikunja taulo. "Kungoja ni kwangu. Kuamka ni kwa Mungu."

Alhamisi nilifika ofisini kabla ya mwenye funguo. Kufikia saa nne kidirisha kipya kilikuwa tayari: "Daktari anakuja kesho asubuhi. Utamngoja?" Kitufe cha kwanza, "Nitamngoja, Mungu akipenda." Cha pili, "Kesho sitakuwepo," na ukibonyeza hicho huambiwi asante. Unaambiwa wazi: "Basi daktari hatakuja. Mwite tena ukiwa nyumbani."

Mkubwa alikisoma akacheka. "Hii ni app ama ni fellowship? Na mtu akikuambia Mungu akipenda, si unajua hiyo ni no?"

"Hiyo ni no ya Kahawa Sukari," nikamjibu. "Ngoliba ni maji ya moto na sabuni mpya."

Hakuelewa, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni pake na sikuwa na nia ya kuondoka. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa bado. Akapunga mkono. Kidirisha kikaingia kwenye simu za watu kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa adhuhuri daktari alinipigia kutoka Ngoliba. Nilikimbia nayo simu mpaka meza ya mkubwa nikawasha spika.

"Huku mmefanya nini?" daktari alikuwa akiuliza. "Kila lango liko wazi! Nimenawishwa mikono mpaka imekunjamana!"

Mkubwa alikuna kidevu. "Okay," akasema. "Ngoliba inabaki." Mimi si mtu wa kuficha furaha. Nilipiga kigelegele katikati ya ofisi, mpaka wenye duka la mabati wakapanda ngazi kuuliza ni nani anaolewa.

Wiki tatu baadaye ng'ombe wa tata alilia tena, nami nikaenda. Safari hii maji yalikuwa ya moto na daktari alikuwa tayari nyuma ya nyumba, kazini. Tata aliniinulia simu yake.

"Hii kitu imepata adabu," akasema. "Siku hizi inauliza kama mtu. Naona waliandika kazi mtu amelelewa."

Sikuweza kujizuia. "Tata, ni mimi."

Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. "Na ile ingine ya kwanza?"

"Hata hiyo ni mimi."

Akaweka taulo lake chini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua, akawaita majirani kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nipite mtihani wa darasa la nane.

"Kujeni! Kujeni muone mwenye alikuwa anatuuliza kama tutaamka! Ni huyu wangu!"

Wakaja, na kila mmoja alinigombeza kwanza kabla ya kunishika mkono.