Askari wa Bure

Mdogo wangu alinifunga kwenye hatua ya ishirini na tatu, katika ukumbi mmoja pale Uyole, na nafasi pekee ya kwenda mashindano ya taifa ikawa yake. Mimi ndiye niliyemfundisha sataranji. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku ile nilitamani mtu alitaje, na hakuna aliyelitaja.

Kwa kocha wetu, mchezo ukiisha hakuna kuinuka. Mnazipanga kete upya na kuurudia mchezo tangu mwanzo, kila mmoja akieleza alichokuwa anafikiria. Nikakaa. Nilimwona kocha akivuta kiti upande wa mdogo wangu, si upande wangu, na wivu ukanipanda hadi masikio yakapata moto.

Hatukufika mbali. Kwenye hatua ya nne kocha alituzuia. Hapo mdogo wangu alikuwa ameachia askari mmoja, kete ndogo ya mbele, aliwe bure, nami nikamla.

"Huu ufunguzi umeutoa wapi?" kocha akamuuliza. "Kwenye simu?"

"Hapana, kocha. Nimeutengeneza kwa ajili ya dada. Sisi kule Kalenga tumekulia drafti, na kwenye drafti kula ni lazima. Dada akiona kete ya bure, mkono unatangulia."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu. Ni kweli, nyumbani tulicheza drafti kwa vizibo vya soda, na asiyekula aliondolewa kizibo chake. Lakini yeye naye alikulia pale pale. Kwa nini tabia hiyo imtoke yeye, inigande mimi mkubwa?

"Na kama asingekula?"

"Ningekuwa na hali mbaya," alisema bila kunitazama. "Ila kula angekula tu. Nimemwangalia miaka yote aliyokuwa ananifunga."

Kocha akapiga meza kwa furaha. Mimi hajawahi kunipigia meza. Kisha akanigeukia.

"Haya, madam, na yeye udhaifu wake ni upi? Tusaidie tumwandae kabla hajaondoka."

Nilifungua mdomo. Nilijua anavyopenda chai yake, nilijua hata kiatu kinachombana. Nikatafuta kichwani mchezo wake hata mmoja, na katika kila niliokumbuka niliziona kete zangu tu.

"Sijui, kocha," nikasema, na aliyeinamisha macho kwa aibu, kwa niaba yangu, alikuwa mdogo wangu.