Toroli la Walburga

Mtaa mzima wa Mfaranyaki unajua: ukitaka kugombana na Walburga muuza nyanya, mwambie tu Yanga si timu kubwa. Ataacha kupanga mafungu, atashika kiuno, na utaondoka bila nyanya.

Mtani wake ni Azizi wa bucha, mtu wa Tunduru, Simba tangu utotoni. Timu zao zikikutana wana ahadi: aliyefungwa anamsukuma mwenzake kwa toroli, kutoka bucha hadi sokoni, Jumapili baada ya misa, watu waone. Mara ya mwisho aliyesukuma ni Azizi, tena kwa jasho, maana Walburga si mwepesi.

Safari hii Yanga walifungwa. Na Jumapili hiyohiyo wazee kutoka Peramiho walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Devota.

"Mama, hiyo ahadi isogezeni mbele," Devota alisihi. "Wakikukuta barabarani watasema wanaoa kwa vichaa."

"Wanakuja saa nane. Saa sita nitakuwa nimeshaoga."

Alijibu hivyo, lakini roho haikutulia. Binti amemlea peke yake, na wakwe wa kueleweka hawaokotwi sokoni. Jumamosi alimkuta kaka yake Pankrasi, aliyewahi kucheza winga hapahapa mjini, akinyonyoa kuku wa wageni.

"Kaka, hivi timu kubwa ni ipi hasa?"

"Nyie mashabiki mnahesabu makombe. Sisi tuliocheza tuliziangalia timu zikifungwa. Timu ndogo ikifungwa inamtafuta refa, halafu inatokea mlango wa nyuma. Kubwa inatoka palepale ilipoingilia, watu wakiizomea."

"Hao wanalipwa. Mimi nauza nyanya."

"Basi kaa ndani."

Walburga alichutama akakusanya manyoya. Alikumbuka msiba wa mumewe, wote wakimwonea huruma mpaka akachoka. Azizi ndiye aliyeingia na nyama begani, akamwambia marehemu amekimbia aibu ya Yanga. Siku hiyo alicheka. Mtu aliyekuchekesha msibani unamkwepaje kwenye toroli?

Jumapili Azizi alipanda toroli na jezi yake nyekundu, amekaa kama askofu. Bodaboda walipiga honi, wanawake wakapiga vigelegele. Hawajafika hata nusu ya njia, gari likasimama mbele yao. Wazee wa Peramiho walikuwa wamewahi.

"Mama Devota, si wageni wako wale?" Azizi alinong'ona. "Nishuke. Tuseme toroli ni la nyama."

"Kaa. Ukishuka, kesho utatangaza nimekimbia."

Akaweka toroli chini, akapiga goti. "Shikamooni wazee. Nyumbani ni pale penye mlango wa kijani, Devota yupo na mjomba wake. Mimi timu yangu imefungwa, namaliza ahadi nakuja."

Mzee wa mbele alimtazama, akamtazama Azizi. "Marahaba," alisema, bila kucheka. Gari likaondoka.

Azizi akavuta jezi akajifunika uso. "Nizomee basi," Walburga alimkaripia. "Nakusukuma kama maiti?"

Aliporudi wageni walikuwa sebuleni, Pankrasi akiwamiminia chai. Yule mzee alimnyooshea kidole kijana mmoja waliyekuja naye.

"Huyu alitaka tugeuze gari. Nikamwambia, mama aliyesukuma toroli mbele ya wakwe, akitoa neno lake hatalibadili. Kaa, mama, tuanze."

Walburga akakaa mkekani. Mikono ilikuwa bado na vumbi la toroli, akaificha ndani ya kanga.