Tundu la Kalunguyeye

Doreen Hapgood alikuwa na ugomvi mmoja tu duniani, nao ni uzio wa jirani yake, Clive Tranter. Mbao zake zilibanana hadi chini, na kila jioni kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba aliyekuwa akilala kwenye majani makavu ya Doreen, aliufuata kutoka pembe hadi pembe, akitafuta pa kupita.

"Bwana Tranter, naomba tundu dogo tu, la ukubwa wa bakuli, kalunguyeye apite."

"Leo tundu, Bi Hapgood, kesho utataka mlango."

"Si wewe unayelia konokono wanakumalizia letusi? Huyu ndiye mlaji wao."

"Uzio ni uzio," akasema Clive, akaingia ndani kunywa chai.

Jumamosi Clive alipokwenda kwa dada yake, Doreen alichukua msumeno wa marehemu mumewe, akakata. Msumeno ulimteleza, tundu likatoka pogo. Akalifunika kwa chungu cha maua, akajifanya hana habari.

Kesho yake mlango ukagongwa. Clive alikuwa amesimama na pimamaji ya fundi ya kupimia unyoofu mkononi, uso umekunjamana.

"Umekata uzio wangu."

"Nimekata."

"Umeukata pogo. Watu watadhani ni kazi yangu."

Doreen akachungulia bustanini. Chungu kilikuwa kimesogezwa kando, tundu limeshanyooshwa, na kingo zake zimepigwa msasa zisimkwaruze mpitaji.

"Na ukimwona huyo mgeni wako," Clive akasema, akitazama pembeni, "mwambie konokono wapo kushoto, nyuma ya letusi."