Viatu vya Rangi ya Damu ya Mzee

Tangu nilipostaafu ualimu, watu wamekuwa wakinizawadia leso. Leso ya Krismasi, leso ya kuagwa, leso ya pole nilipong'olewa jino. Niko nazo ishirini na kitu. Inaonekana hapa kwetu ukifika umri fulani unaacha kuvaa, unaanza kufunikwa.

Kwa hiyo binti yangu aliposema wakwe wanakuja kutoka Timau kuleta mahari, niliamua kwamba nitavaa. Ndiye mtoto pekee niliye naye, na baba yake hayupo tena. Niliteremka kutoka Ruring'u hadi Majengo, kwa fundi wa cherehani ambaye amenishonea tangu tukiwa wote na meno kamili. Nilimpelekea kitambaa kizito cha kijivu. Akanizungushia utepe wa kupimia, akauliza, "Magoti tuyaonyeshe?"

"Yafunike. Yameshaonekana ya kutosha."

"Kiuno je?"

"Kiuno kiko. Kitafute."

Akakitafuta, akakipata. Mikono ifike kwenye viwiko, kola isimame, na kusiwe na kitu kinachometameta. Mimi si msichana na sitaki kudhaniwa msichana. Nataka tu kudhaniwa mtu aliyejitazama kwenye kioo kabla ya kutoka. Viatu nilivipata kwa mitumba, vya ngozi, rangi ya damu ya mzee, kisigino cha vidole viwili. Nilivijaribu nikiwa nimesimama juu ya gunia, nikafurahi mpaka muuzaji akapandisha bei.

Binti yangu alifika Ijumaa, akafungua kabati langu, akaitoa ile nguo ya kijivu, akairudisha. Yeye hufanya kazi ofisini Nairobi, na wikendi huvaa suruali zilizochanwa magotini makusudi. Alikuwa ameniletea dera. Dera lenyewe lingetutosha mimi na shangazi zake wawili.

"Maitu," akasema. Huniita mama kwa Kikuyu akitaka kitu. "Vaa hii. Ile nguo yako ni ya mtu anatafuta bwana."

"Bwana nilishapata, nikamzika. Hiyo nguo ni ya kukaa mbele."

"Watu watasema ati ni wewe unaolewa!"

"Waseme. Mdomo ni wao."

Akalikunja dera, akaliweka kitandani. "Basi ukivaa hivyo, usikae mbele na mimi."

Niliumia. Niseme wazi, niliumia vibaya sana, nikaenda jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Mama asiyekaa mbele siku ya mahari ya bintiye huyo si mama, ni mpishi. Lakini kesho yake nilivaa nguo yangu na viatu vyangu, nikaenda kukaa na wapishi. Nilikuwa mpishi aliyepigwa pasi.

Sasa, kwetu bwana harusi hapewi msichana hivi hivi. Wasichana hufunikwa leso gubigubi, wanapangwa mstari, naye anatafuta wake. Akikosea, anatozwa mbuzi. Ili kumzuga, shangazi walimvua binti yangu viatu vyake vizuri wakamvisha slipa za bafuni. Wasichana walitakiwa wawe sita, lakini mmoja alikuwa bado anasukwa nywele mjini. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuona kitu kimetulia akakiacha, aliingia jikoni akanirushia leso.

"Twende ukasimame kwa laini."

"Wee! Mimi ni mama yake!"

"Nani atajua? Inama kidogo tu."

"Siinami."

Ukiwa ndani ya leso huoni kitu isipokuwa miguu. Niliona viatu vya yule kijana vikipita, vikisita, vikirudi. Baadaye alijitetea kwamba marafiki zake walimwambia aangalie viatu, kwa sababu hakuna bibi harusi wa kuvaa slipa siku kama hiyo. Akasimama mbele yangu. Akanishika mkono kwa upole, upole wa kweli, na akatangaza watu wote wasikie, "Huyu ndiye wangu."

Leso ikaondolewa.

Mkwe hatakiwi hata kumkaribia sana mama mkwe, sembuse kumshika mkono mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kijana aliuachia mkono wangu haraka. Nikamwambia, "Karibu nyumbani," maana sikuwa na lingine. Mjomba wake mmoja akaangua kicheko, vigelegele vikafuata, na mbuzi akatajwa. Wifi yangu alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, anashindwa kupumua.

Binti yangu hakucheka. Alijifunua mwenyewe akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta kando ya tangi la maji, analia, poda yote imeharibika.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

"Mimi nilitaka wamuone mama yangu. Wewe hivi hata sikujui. Mama yangu ni yule wa sweta ya kijani. Ulikuwa unakuja nayo shuleni kila siku ya wazazi, nakuona kutoka mbali, najua umefika."

Hilo sikulitarajia. Nilidhani ananionea haya.

"Ile sweta niliivaa miaka kumi na miwili," nikamwambia, "kwa sababu sikuwa na nyingine."

"Si ulisema unapenda kijani?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa mtoto."

Alinitazama kuanzia kola mpaka viatuni, bila haraka. Akanipangusa vumbi begani, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Halafu akanishika mkono tukarudi mbele ya watu, tukakaa kwenye viti viwili vya mbele, mimi kulia, yeye kushoto. Wazee walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu mbuzi. Akaniinamia sikioni.

"Kwani wewe unapenda rangi gani?"

Ana miaka thelathini na minne, na hakuwa amewahi kuniuliza.