"Fault" Sikuliandika

Siku ya kwanza kazini, Afisa Utumishi alinikabidhi meza, kamusi iliyochanika jalada, na onyo. "Binti, ukikuta maneno ya Kiingereza yanayofanana, chukua lolote lililo karibu. Huko ng'ambo hawachambui."

Nikamjibu kwamba mie nachambua. Tulianza vibaya, na wala sijutii.

Kilikuwa kiwanda cha mabati, Temeke. Nilikuwa mfasiri: maelezo ya wafanyakazi niliyatoa kwenye Kiswahili, yaani lugha chanzi, nikayapeleka kwenye Kiingereza, lugha lengwa, ili wakubwa wa ng'ambo wasome. Mtu akiumia, mameneja walipenda "incident", tukio tu, neno lisilo na damu. Mie niliandika "accident", ajali. Wakilifuta, nalirudisha.

Kisha akaumia Mhagama, fundi wa mashine ya kukunja bati, mtu wa Songea mwenye adabu zake. Mashine ilimkata vidole. Meneja Uzalishaji akaenda kumwona wodini, nami nikafuatana naye kuandika maelezo. Mgonjwa akajikongoja kuinuka.

"Shikamoo bosi. Mnisamehe kwa kuwasumbua, makosa ni yangu."

Ndivyo alivyolelewa. Mkubwa akija kukujulia hali, unamwomba radhi kwa kumtoa kwake. Baada ya hapo ndipo akaeleza yaliyotokea: kinga ya mashine iling'olewa kwa amri ili kazi iende haraka, na hakuna aliyeirudisha.

Tuliporudi ofisini Meneja alikuwa amechangamka. "Amekiri mwenyewe. Andika 'fault', tumwachishe kazi."

Sikilizeni, nyie mnaoanza kazi hii. "Mistake" ni kukosea, kila mtu hukosea. "Fault" ni kosa lenye mwenyewe, lawama yote unambebesha yeye. "Apology" ni kuomba radhi tu. Yule mtu aliomba radhi. Nikaandika hivyo, na habari ya kinga nikaiandika yote.

"Unanifundisha Kiingereza?"

"Kiingereza unakijua, bosi. Unataka niseme asichosema."

"Basi mwandikie 'fault' au utafute kazi nyingine."

Tafsiri bila sahihi ya mfasiri haikupokelewa ng'ambo. Nikamwambia sahihi yangu haiendi chini ya neno hilo, anifukuze akitaka. Ripoti ikaenda nilivyoiandika. Mhagama akabaki kazini, wakamhamishia stoo. Mie wakanihamishia getini kuandika namba za magari, na huko nilikaa mpaka nikastaafu.

Sasa niko nyumbani Mtoni. Wajukuu wananionyesha simu zao: "Bibi, hii inachagua maneno yenyewe." Ichague. Lakini siku mtu atakapoachishwa kazi kwa neno ililolichagua, nani atakataa kutia sahihi, apelekwe getini?

Siku ya kuniaga kazini, Mhagama alinipa mkono wake wenye vidole vilivyobaki.

"Mama, unisamehe. Ulipelekwa getini kwa makosa yangu."

Nikaung'ang'ania ule mkono, nikamwambia neno 'makosa' asilitamke tena mbele yangu.